Kufunga plenti ya dhahabu kwa kutumia bakteria: mwongozo kwa wachenjuaji wa kanda ya kati

Kaboni ya mwisho, yale makaa yanayonasa dhahabu, ikishapelekwa elusheni kuvuliwa dhahabu yake, plenti inabaki na mizigo miwili: bwawa la maji yenye sayanaidi, na marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa, yaliyonyonya maji hayohayo. Desturi ya wengi ni kuyaacha yakauke. Jua la Dodoma linasaidia kweli, kwani sayanaidi iliyo juu ya maji huvunjwa na mwanga na nyingine huruka hewani. Ila jua haliingii ndani ya rundo. Mita moja chini ya uso, sayanaidi iliyoshikana na shaba inaweza kukaa muda mrefu sana, ikingoja mvua ya Desemba iishushe kwenye maji ya ardhini. Na huku kwetu, kuanzia Bahi na Chamwino hadi Sekenke na Londoni mkoani Singida, maji ya ardhini ndiyo yanayonywewa na watu na mifugo.

Bakteria wanaweza kuimaliza kazi hiyo. Si nadharia: mgodi wa Homestake, mjini Lead katika jimbo la South Dakota, Marekani, ulianza kusafisha maji yake ya sayanaidi kwa bakteria mwaka 1984, mahali penye baridi kali. Joto letu ni rafiki zaidi. Tatizo letu ni uhaba wa maji, zebaki, na mvua inayonyesha miezi mitano tu.

Bakteria wanafanya nini, na nini hawafanyi

Bakteria wanaotumia oksijeni huvunja sayanaidi na tiosianeti, ile inayotokea sayanaidi inapokutana na salfaidi, yaani madini yenye salfa, za mwamba. Kinachobaki ni amonia. Kundi la pili la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. Kundi la tatu, lisilotaka oksijeni, huichukua nitrati na kuitoa kama gesi ya nitrojeni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa tunayovuta.

Kosa kubwa ni kuishia hatua ya kwanza. Mtu anapima sayanaidi, anakuta imekwisha, anafungulia maji. Kumbe yana amonia inayoua samaki, au nitrati ya kuharibu kisima. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha nitrati kwenye maji ya kunywa kuwa miligramu 50 kwa lita, na wanaoumia kwanza ni watoto wachanga wanaokorogewa maziwa kwa maji hayo. Sumu imebadili jina tu.

Metali haziliwi. Shaba, zinki, aseniki na zebaki zinaweza kunaswa kwenye utando wa bakteria au kuganda chini ya tangi, lakini zipo palepale.

Anza na zebaki kabla ya jambo lolote

Marudio mengi yanayofika kwenye plenti zetu yametoka mialoni, wanakooshea dhahabu wachimbaji wadogo, yamesagwa kwenye karasha na dhahabu yake ikakamatwa kwa zebaki. Sayanaidi huyeyusha zebaki iliyobaki, kwa hiyo iko ndani ya maji ya bwawa. Hapo ndipo njia ya kibiolojia inaweza kugeuka balaa: bakteria wasiotumia oksijeni, hasa wale wanaoishi kwa salfeti, wana uwezo wa kuigeuza zebaki kuwa zebaki-methili, aina inayoingia kwenye samaki na kwenye ubongo wa mtoto aliye tumboni. Tangi la kuondoa nitrati na kinamasi cha matete ni makazi yao hasa.

Kwa hiyo peleka sampuli ya maji na ya marudio maabara wapime zebaki. Dodoma hatuna udhuru, maana maabara ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iko hapahapa. Maji yakizidi miligramu 0.002 kwa lita, yapitishe kwanza kwenye kaboni mpya. Pipa la lita 200 lililojazwa kaboni robo tatu, karibu kilo 70, lipitishe maji kutoka chini kwenda juu, yasizidi lita 1,000 kwa saa. Pima yanayotoka kila wiki. Zebaki ikianza kupenya, badilisha kaboni. Kaboni hiyo itanasa na dhahabu iliyobaki, na kishawishi cha kuichoma kitakuja. Usiichome: zebaki yote itaingia mapafuni mwa aliye karibu. Ukiipeleka elusheni, waambie wazi kwamba ina zebaki.

Vipimo vya kuanzia

Plenti nyingi hupima sayanaidi kwa nitrati ya fedha. Njia hiyo inatosha wakati wa kuchenjua, lakini wakati wa kufunga inadanganya: inaona sayanaidi huru tu, na ikishuka chini ya miligramu 10 kwa lita haiaminiki. Sayanaidi iliyoshikana na shaba na zinki haiioni vizuri. Tumia kipimo cha rangi cha asidi ya pikriki, au peleka maabara uombe sayanaidi dhaifu-tengano, ile inayoachia metali kirahisi. Chupa ya asidi ya pikriki isikauke kamwe. Unga wake mkavu hulipuka.

Pima pia tiosianeti, amonia, nitrati, shaba, aseniki, salfeti na pH. Kwa marudio yenyewe, omba kiasi cha salfaidi. Yakizidi asilimia 0.3 ya salfa ya aina hiyo na mawe hayana chokaa ya kutosha, kuna bakteria wengine watakaofanya kazi kinyume chako: watakula salfaidi, watatoa tindikali, na metali zitaanza kutiririka miaka kadhaa baada ya wewe kuondoka. Rundo la namna hiyo linahitaji chokaa ya kutosha na mfuniko mzito zaidi.

Hesabu ya mzigo

Tuchukue mfano wa rundo la tani 1,000 na bwawa la mita za ujazo 200. Marudio yaliyokwisha kuchuja bado hushika maji, tuseme asilimia 15, yaani mita 150. Jumla mita 350. Sayanaidi ni miligramu 80 kwa lita na tiosianeti 150.

Kila gramu ya sayanaidi ina nitrojeni gramu 0.54; ya tiosianeti gramu 0.24. Hivyo kila lita ina nitrojeni miligramu 79, na maji yote yana kilo 28 hivi. Namba hii ndiyo inayokupa nyingine zote:

- Chokaa iliyozimwa: kilo 5.3 kwa kila kilo ya nitrojeni, yaani karibu kilo 150. Chokaa ya mtaani si safi, nunua kilo 200.
- Molasi: kilo 6 kwa kila kilo ya nitrojeni, yaani kilo 170. Inapatikana kwenye viwanda vya sukari vya Kilombero na Mtibwa, mkoani Morogoro.
- Mbolea ya TSP: kilo 3.5 kwa ajili ya fosforasi. Usiweke DAP, inaongeza amonia unayopigana nayo. Fosfeti ya mwamba kama ya Minjingu ni nzuri shambani penye udongo wa tindikali, ila kwenye maji ya chokaa haiyeyuki.
- Kokoto ngumu za milimita 20 hadi 40: mita za ujazo 60, zilizooshwa vumbi. Kokoto za mawe ya chokaa zinafaa kwa tangi la pili tu.

Watu huuliza kuhusu mashudu ya alizeti kwa kuwa ni rahisi kupata. Mashudu yana nitrojeni nyingi, ni kama kuzima moto kwa mafuta. Makapi ya zabibu kutoka viwanda vya mvinyo yana sukari, lakini ni machachu. Yakitumika, yachanganywe na chokaa kidogo na uangalie pH kila siku.

Kujenga: matangi matatu ya zamani yanatosha

Usijenge kipya. Tangi la kuloweshea marudio lenye mita 4 kwa 4 na kina cha mita 1.5 linafaa kabisa, mradi halivuji. Lijaze maji safi kwa siku tatu na upige alama ya kina. Weka kando yake ndoo pana yenye maji: ndoo ikishuka milimita 18 na tangi likashuka 40, tangi linavuja.

Tangi la kwanza ni la sayanaidi. Tandaza chini mabomba ya inchi 4 yaliyotobolewa, yachomoze ncha zake nje ili hewa iingie kutoka chini. Jaza kokoto hadi mita 1.25, hizo ni mita za ujazo 20. Juu tandaza mabomba ya nusu inchi yenye vitundu vya milimita 3 kila sentimita 20, yakilala juu ya kokoto. Maji yadondoke, yasirushwe hewani. Ukiyarusha unaitoa gesi ya sayanaidi usoni mwa watu. Maji hayajai humu, yanateremka kwenye kokoto kama jasho na hewa inapita katikati.

Tangi la pili, la amonia, hujengwa vivyo hivyo. La tatu, la nitrati, lina kokoto zilezile lakini limejaa maji hadi juu, mlango wake wa kutolea ukiwa juu, na limefunikwa turubai ili hewa isiingie. Molasi hudondoshewa mwanzoni mwa tangi hili tu.

Pampu ya mita za ujazo 3 hadi 4 kwa saa inazungusha maji ndani ya tangi la kwanza na la pili karibu mara kumi kabla ya kuyasogeza mbele. Mzunguko huo ndio moyo wa kazi: maji machafu mapya yanachanganyika na yaliyokwisha kusafishwa, na bakteria hawakutani na sumu yote kwa mkupuo. Pampu ya sola inafaa. Kokoto zikibaki na unyevu usiku mmoja hakuna shida. Zikikauka siku tatu, utando unakufa na unaanza upya.

Kwa ukubwa huu, kadiria tangi la pili litamaliza gramu 30 za nitrojeni kwa kila mita ya ujazo ya kokoto kwa siku, yaani gramu 600. Kilo 28 zinahitaji siku 47 baada ya bakteria kukomaa. Panga miezi mitatu.

Mbegu ya bakteria

Hakuna haja ya kununua bakteria wa paketi. Wanaokula sayanaidi wanaishi tayari kwenye plenti yako. Chukua tope lenye unyevu sehemu tano ambako maji ya sayanaidi yamekuwa yakivujia kwa miaka: chini ya bomba la kutolea, ukingoni mwa bwawa, kwenye mfereji. Jumla lita 20. Weka kwenye pipa la lita 200, ongeza maji safi lita 160 na maji ya bwawa lita 20, TSP gramu 5, molasi vijiko viwili. Pulizia hewa mfululizo kwa pampu ndogo.

Sayanaidi ikishuka chini ya miligramu 1, mwaga nusu ya maji bila kumwaga tope na ujaze mchanganyiko wenye robo maji ya bwawa. Safari inayofuata nusu, kisha yote. Mara ya kwanza inaweza kuchukua wiki mbili. Ya nne itachukua siku mbili au tatu. Hapo mimina kila kitu juu ya kokoto za tangi la kwanza. Baada ya wiki tatu hadi nne utaona utando wa kahawia unaoteleza ukishika jiwe kwa glavu, una harufu ya udongo uliopata mvua. Ukiwa mweusi na unanuka mayai viza, hewa haipiti.

Mbegu ya tangi la pili ni udongo wa zizi la zamani la ng'ombe, ule uliokaa bila mifugo mwaka mmoja au zaidi. Bakteria wa amonia wamejaa humo. Ndoo mbili, zichujwe kwa gunia. Hawa hukua polepole, wape wiki tano au sita, na usiwaletee maji yenye sayanaidi inayozidi miligramu 1.

Kuendesha, na pH hasa

Maji ya bwawa yana pH ya 10 au zaidi. Usiweke tindikali kuishusha, hata kikombe. Chini ya 9.2 zaidi ya nusu ya sayanaidi huru huwa gesi, na kikomo cha mfanyakazi ni sehemu 4.7 tu katika milioni ya hewa. Harufu ya lozi chungu si kinga, kuna watu ambao pua zao haziisikii kabisa. Kipimo cha gesi kivaliwe kifuani, karibu na pua, na mtu asifanye kazi peke yake ndani ya tangi.

Acha pH ishuke yenyewe kwa hewa ya ukaa inayoingia. Anza tangi la kwanza kwenye 9.2 hadi 9.5, sayanaidi ikishafika chini ya miligramu 10 kwa lita, ruhusu pH ya 8.5. Tangi la pili linataka 7.5 hadi 8.2, na humo bakteria wenyewe hutengeneza tindikali, ndiyo maana ya chokaa yote ile. Igawanye kila siku kidogo kidogo kama maziwa ya chokaa, usimwage gunia zima.

Matatizo ya kawaida hujitambulisha mapema ukiwa na daftari. Amonia inashuka lakini nitriti inapanda: pH ni kubwa mno, kundi la mwisho limezimika, punguza chokaa. Sayanaidi imegoma kwenye miligramu 5 hadi 10: mara nyingi ni shaba nyingi, au fosforasi imekwisha, ongeza TSP gramu 10 kwa kila mita ya ujazo, ngoja siku nne. Tangi la tatu linatoa harufu ya mayai viza: molasi imezidi, nitrati imekwisha na bakteria wa salfeti wameshika nafasi. Kama una zebaki, hilo ni jambo la kusimamisha kazi siku hiyohiyo. Chumvi nayo inajikusanya kimyakimya, kwa sababu bwawa hupoteza milimita 5 hadi 7 kwa siku kiangazi. Fidia kwa maji safi badala ya kuacha maji yawe mazito.

Maji yaliyokamilika yafikie walau viwango vya mwongozo wa mwaka 2007 wa IFC, shirika la fedha lililo chini ya Benki ya Dunia, kwa miligramu kwa lita: sayanaidi dhaifu-tengano 0.5, huru 0.1, shaba 0.3, aseniki 0.1, zebaki 0.002; na pH iwe kati ya 6 na 9. Kibali chako kikitaka kali zaidi, fuata kibali.

Kuosha rundo

Maji yaliyosafishwa yarudi kwenye marudio, kwa sababu huku maji si ya kuchezea. Yanabeba bakteria na fosforasi ndani ya rundo, na usafishaji unaendelea humo humo. Mwagilia lita 5 kwa mita ya mraba kwa saa. Marudio yaliyosagwa laini hayapokei zaidi. Tani 1,000 zina nafasi za maji karibu mita za ujazo 300, na uoshaji wa mizunguko mitatu ni mita za ujazo 900. Kinachotoka chini kirudi tangi la kwanza.

Marudio laini huwa na mishipa: maji yanapita njia moja, sehemu nyingine inabaki kavu na chafu. Toboa kwa fimbo ya chuma kila mita mbili, chukua sampuli za mita 0.5, 1 na 1.5. Maji ya kutokea chini yakionekana safi huku sampuli ya ndani ina sayanaidi, lima tabaka la juu na uhamishe mabomba.

Kalenda

Bakteria waanze kukuzwa Aprili. Juni na Julai usiku ni baridi, kazi itapungua kasi, usiogope. Uoshaji uishe Septemba, bwawa likauke Oktoba, mfuniko ukamilike kabla ya Novemba kuisha, mbegu zipandwe mvua za kwanza. Anayeanza Septemba atakutwa na mvua rundo likiwa wazi.

Mfuniko

Wengi hukimbilia udongo mweusi wa mbuga kwa kuwa unazuia maji. Masika ni kweli. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono, na mvua ya kwanza inaingia moja kwa moja. Weka kokoto au changarawe sentimita 30 juu ya marudio, ili chumvi na shaba zisivutwe juu na jua. Ukiona ukoko mweupe au wa kijani juu ya udongo, tabaka hilo halipo au ni jembamba. Juu yake udongo mwekundu wa kichanga sentimita 80 hadi 100, unaoshika mvua na kuirudisha hewani kupitia nyasi. Panda nyasi zenye mizizi ya wastani na vetiva kwenye miteremko. Migunga na mwarobaini viondolewe vikiwa vichanga, mizizi yake itatoboa.

Kokoto za matangi na tope lake ni taka zenye metali. Zipimwe, zifukiwe ndani ya rundo kabla ya mfuniko kama matokeo yanaruhusu. Madumu na mapipa ya sayanaidi yaoshwe mara tatu, maji yaingie tangi la kwanza, kisha yatobolewe na kupondwa, maana pipa zima litaishia nyumbani kwa mtu likiwa la maji. Sayanaidi ambayo haijatumika irudishwe kwa muuzaji mwenye usajili wa Mkemia Mkuu wa Serikali, na mpango mzima wa ufungaji uwe umefika Tume ya Madini kwa maandishi kabla hujagusa bomba.

Baada ya kufunga

Chimba kisima cha uangalizi upande maji yanakoelekea na kingine upande yanakotoka. Pima sayanaidi, nitrati, salfeti na pH mwezi Januari, Aprili na Septemba, kwa miaka mitatu angalau. Salfeti ikianza kupanda huku pH ikishuka, tindikali imeanza ndani ya rundo na mfuniko unapitisha hewa.

Uzio wa miiba uwekwe kabla ya mvua ya kwanza, si baada yake. Mbuzi watakuja, na mlenda utaota wenyewe juu ya udongo mpya, laini na wa kijani kuliko wa porini. Wanawake watauchuma na kuukausha kwa ajili ya kiangazi. Waambieni mapema kwenye mkutano wa kijiji, ng'oeni unaoota, na kila msimu wa mvua pelekeni majani yake maabara yapimwe aseniki na zebaki.